Mizunguko ya Kuongeza

Dobi alimaliza kupiga pasi mashuka ya hosteli, akayapanga kabatini, akarudi nyumbani na kumkuta wifi yake amekaa mlangoni mwa stoo, mapajani ana mfuko wa uzi. Stoo ndiko dobi alikoishi. Baba yao alipofariki, kaka zake wawili waligawana nyumba: seremala, ambaye ndiye mkubwa, akachukua vyumba vya mbele, mwuza matairi akachukua vya nyuma, na dada mtu akapewa stoo, kwa kuwa mwanamke ana kwao kwingine. Huko kwingine ni wapi, hakuna aliyesema. Stoo ilitosha kitanda, ndoo mbili na mtu mmoja aliyesimama, mradi asipige chafya.

Sasa binti yake alikuwa mjamzito na alitaka kuja kujifungulia kwa mama. Dobi alimwambia njoo mwanangu, kisha akakaa kitandani akijiuliza huyo mjukuu atalala wapi, kwenye ndoo? Akaamua walau amfumie blanketi. Wifi, mke wa seremala, alijua kroshia tangu usichana wake, na alikuwa mtu wa utani na moyo mweupe, jambo ambalo kwa mawifi si la kila siku.

Mchoro ulikuwa kwenye karatasi iliyokuja na uzi. Dobi aliusoma kama gazeti, akianzia juu pembeni. Wifi alicheka mpaka akashika mbavu.

“Wifi yangu, huku hatuanzii ukingoni,” alisema. “Tunaanzia katikati, tunatoka nje.”

Akamwonyesha alama. Kiduara ni mnyororo, yaani kitanzi kinachozaa kitanzi. Msalaba mdogo ni fundo fupi. Fimbo yenye kofia ni fundo refu, unazungusha uzi kwenye sindano kabla hujaichomeka. Dobi alishika upesi, maana vidole vyake vilishazoea vifungo vya mashati ya watu. Ila kila alipokuta fimbo mbili zimesimama kwenye tundu moja, alifuma moja tu. Alidhani ya pili ni madoido ya mchapishaji.

Kazi ikaanza kujikunja kama bakuli. Kuta za stoo nazo zikasogea ndani, dari ikashuka, na mawifi wawili wakajikuta wamechuchumaa, magoti yamegusana.

“Hukuongeza,” alisema wifi. “Fumua.”

Dobi alifumua, stoo ikarudi ilivyokuwa. Safari ya pili akaongeza kila tundu, asije akalaumiwa tena. Kitambaa kikafanya mawimbi, sakafu nayo ikafanya mawimbi, ndoo moja ikabiringika hadi nje. Wakafumua. Safari ya tatu alifuata mchoro kama ulivyo, akiongeza panapoongezwa na kuacha panapoachwa, na kitambaa kikalala bapa. Mzunguko ulipofungwa, ukuta ulisogea kutoka kitandani kiasi cha mtu kupita na beseni. Dobi akapita na beseni. Akarudi, akapita tena, akicheka peke yake kwa furaha.

Wifi alisema ndivyo inavyokuwa. Shangazi yake aliwahi kupanua jiko kwa kitambaa cha meza, ila alitumia uzi wa ovyo, jiko likasinyaa kitambaa kilipofuliwa.

Tangu hapo dobi akitoka kazini alifuma. Blanketi lilikua, na stoo ikakua nalo. Kitanda cha pili kikaingia, kikafuata kiti, kikafuata dirisha ambalo hakuna aliyelijenga. Seremala alisikia akaja na futi yake. Alipima kwa nje, akakuta stoo ni ileile. Akapima kwa ndani, futi ikaisha kabla ya kufika ukutani.

“Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani,” mkewe alimwambia.

Seremala alisema futi imechakaa, kisha akauliza kama mbao zake zinaweza kukaa kwenye kona ile.

Binti akaja, akajifungua salama mtoto wa kike mwenye sauti kama filimbi. Stoo ikajaa majirani, chai na vicheko, na kila aliyekuja alipata pa kukaa. Dobi alitembea na mjukuu begani toka ukuta huu hadi ule, akimwonyesha nafasi. Mwuza matairi alichungulia, akauliza ni wa kiume? Alipoambiwa ni wa kike alishukuru Mungu, akasema basi huyo hana mgao.

Hazikupita siku nyingi kaka wakaitisha kikao cha familia. Nyumba imeongezeka, walisema, lazima igawanywe upya. Wakakifanyia stoo, maana ndicho chumba pekee kilichowatosha. Walikaa upande wa mlangoni. Dobi, binti na mtoto walikaa upande wa dirishani, na mke wa seremala akabeba kiti chake akaenda kukaa nao.

Seremala alieleza kwamba ongezeko limetokea ndani ya kuta za baba, kwa hiyo ni la watoto wa kiume. Dada yao hanyang'anywi kitu. Atabaki na stoo yake kama mwanzo, yaani pale penye kitanda.

Moyo wa dobi uliuma palepale ulipouma siku ya mgao wa kwanza. Alivuta ukingo wa blanketi, mtoto akiwa amelala katikati yake, akachomeka sindano. Wifi alimhesabia mafundo kwa sauti ya chini. Mzunguko ukafungwa, wakaanza mwingine.

Kikao kilipitisha uamuzi kama kilivyopitisha ule wa zamani, na hakuna kaka aliyepinga. Lakini kadiri mawifi walivyoendelea kufuma, ndivyo kaka walivyozidi kuwa mbali na wadogo kule mlangoni, na ilibidi seremala asimame ili aonekane. Alikuwa akisema jambo kuhusu urithi, akipunga futi.

“Paza sauti, kaka,” dobi alimwambia, akiongeza fundo la pili kwenye tundu lilelile. “Huku hatukusikii.”