Kumuse ya Mtu Aliye Hai

Wewe ungemkuta mjukuu wako nyuma ya jiko, fimbo mkononi, anatembea huku na huku akisimulia mwanzo wa dunia peke yake, ungefikiria nini?

Lenah alifikiria maziko. Kimilili yote inajua: mzee mwenye heshima akishazikwa, siku ya tatu anaitwa msemaji wa kumuse. Anashika fimbo, anakwenda na kurudi katikati ya watu, anaanzia mwanzo kabisa, walikotoka wote, mpaka amfikie marehemu. Maneno hayo hayafanyiwi mazoezi kwenye boma la mtu aliye hai. Na boma hili lilikuwa na mzee mmoja tu, Wakhungu, mume wake, ambaye mjukuu huyo, Nasike, alimpeleka hospitali Kitale Jumatatu, akarudi na bahasha.

"Daktari amesema nini?" Lenah aliuliza siku hiyo.

"Vidonda vya tumbo, kukhu," Nasike alimjibu nyanya yake. "Apunguze pilipili."

Pilipili. Tangu hapo msichana alikuwa akipokea simu huko kwenye migomba, na akimwona nyanya yake anashusha sauti. Jana alimkata babu yake kucha bila kuombwa. Leo alimpikia kuku mzima, na mgeni hakuwepo.

Lenah aliweka chini ungo wa maharagwe, akasogea hadi kona ya jiko, akatega sikio.

"Turudi nyuma," Nasike alikuwa akisema, "kabla ya nyota, kabla ya mlima huu. Vyote vilikuwa vimebanwa mahali padogo kuliko punje ya wimbi. Tuna hesabu ya uzito, ile inayoeleza jiwe kuanguka. Tuna hesabu ya vitu vidogo kabisa. Kila moja inatufikisha mlangoni. Zikiingia pamoja zinagombana, na ndani hakuna aliyewahi kuona."

"Nani anakufa hapa?"

Fimbo ilimtoka Nasike mkononi. "Kukhu?"

"Si unamsemea babu yako kumuse? Tena mtoto wa kike, na mwenyewe yuko pale barazani anatafuna paja. Lete hiyo bahasha."

Ikaletwa. Lenah alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Kilikuwa Kiingereza, lakini neno la alsa, hivyo vidonda vya tumbo, alilijua. Jirani yao Nanyama anayo miaka sita sasa. Neno lingine la kutisha hakuliona. Akaikunja karatasi vile ilivyokuwa.

"Basi hayo mengine ni ya nini?"

"Ya Alhamisi. Walimu wetu wa chuo wanatusikiliza Kitale, kwenye sekondari moja. Kila mtu awaeleze watoto kwa Kiswahili anachosomea. Fimbo ni ya kuonyesha ubaoni."

"Na simu za migombani?"

Nasike aliokota fimbo, akaipangusa udongo kwa kanga.

"Atakayewapendeza anapelekwa Ujerumani kusoma. Miaka minne."

Lenah aliketi juu ya gogo la kupasulia kuni. "Na kuku?"

"Nilikuwa natafuta siku mko na raha."

"Ati raha. Wiki nzima nahesabu pumzi za mzee wa watu." Akamgeukia mjukuu wake. "Kwa hivyo umekuja kutuaga."

"Sijaaga mtu."

"Sema basi unachotaka. Mimi nimechoka kusikiliza kwenye kona."

Msichana aliinamisha macho.

"Nataka kwenda, kukhu," akasema. "Na nataka wewe ndiye uniambie niende."