Shuka Saba

Hosiyat alijua kila kitu kuhusu usingizi wa watoto wachanga, kwa kuwa alizaa wanne na hakuamka usiku kwa hata mmoja. Aliyekuwa akiamka ni wifi yake mmoja aliyeachika, marehemu sasa, na marehemu hana mdomo. Kwa hiyo ujuzi wote ukabaki kwa Hosiyat, naye akamshushia mkamwana wake Oydin tangu siku mtoto Asadbek alipoingizwa uani akiwa amefunikwa kama mkate uliotoka tanurini.

"Mtoto ni wa beshik," alisema. "Kifua cha mama si kitanda."

Beshik yenyewe ililetwa na upande wa kina Oydin siku ya tisa, kama desturi inavyotaka, pamoja na matari, magodoro, halua na masinia ya mikate. Ni kitanda cha mbao cha kubembeza, kimechorwa maua mekundu, kina mpini mrefu juu na tundu chini la kupitishia mkojo. Mtoto hulazwa chali, akafungwa mikono na miguu kwa mikanda mipana, kisha shuka saba zikatupwa juu ya mpini, moja baada ya nyingine, mpaka ndani kukawa giza mchana kweupe. Ukoo mzima umekulia humo. Oydin naye alikulia humo na hakufa. Ila mama yake alikuwa akimtoa.

Hosiyat hakutaka mtoto atolewe. Kumtoa ni kumdekeza. Akilia, Oydin apitishe kwapa juu ya mpini, ainame, ampe ziwa humo humo alimofungwa, kwa muda wa kunywa bakuli moja la chai, basi. Mgongo ulimkereza kama msumeno. Mtoto alivuta mara tano, mara sita, chuchu ikamponyoka, na kabla hajaitafuta tena, Hosiyat, aliyekuwa na kamba ya beshik kwenye dole gumba la mguu, alishaanza: taka-taka, taka-taka, taka-taka. Mtoto akanyamaza.

"Umeona? Kashiba."

"Hajashiba, mama. Kalevywa."

"Wewe umezaa wangapi?"

Hilo ndilo lilikuwa jibu la kila swali katika nyumba ile.

Arobaini ni ya mzazi kupumzika, hilo hata kondoo analijua. Lakini Hosiyat aliichambua arobaini kama anavyochambua zabibu kavu: nyama yake, kokwa za mwenzake. Dirisha lisifunguliwe, sawa. Mzazi asiende kwao, sawa kabisa. Taa isizimwe usiku, sawa, hata ikimchoma mzazi machoni. Mzazi asizongwe na wageni, ah, hayo mambo ya zamani. Wageni walikuja kila siku, na Oydin alitakiwa asimame mlangoni na ushungi wake, mkono kifuani, ainame mara tatu kwa kila mwanamke, kisha amimine chai. Na chai kwao haijazwi. Kujaza bakuli ni kumwambia mgeni aondoke, kwa hiyo heshima ni kumimina robo, akimaliza robo nyingine, akimaliza robo tena. Mzazi wa wiki tatu, amesimama na birika, anamimina robo robo kwa wanawake walioshiba ambao hawakuwa na kwao.

Mumewe, Elmurod, alilala chumba cha pili kwa sababu aliendesha lori na dereva lazima apumzike.

"Elmurod, sijalala siku tatu."

"Basi lala."

"Nikilala, nani atamnyonyesha?"

"Muulize mama."

Oydin alimtazama kama mtu anavyomtazama kuku aliyesimama mvuani. Hakuwa na hasira naye. Alishangaa tu jinsi kiumbe kama yule alivyoaminiwa kupewa lori.

Siku ya ishirini na moja, Ijumaa, akaja muuguzi wa zahanati na mzani wake. Msichana mwembamba, viatu vimejaa vumbi. Akamfungua Asadbek, akamweka mzanini, akatazama, akamtoa, akamweka tena.

"Kilo tatu na gramu mia moja," alisema. "Ni uzito ule ule aliozaliwa nao. Mtoto huyu ana njaa. Mnyonyeshe kila anapotaka, mpaka aachie mwenyewe. Na wewe dada, ulale anapolala yeye. Mama asiyelala maziwa yake hukwama. Ijumaa nitarudi."

Hosiyat alimkubalia yote, akamnywesha chai, akamfungia mikate miwili kwenye kitambaa, akamsindikiza mpaka lango, akamwombea dua. Lango lilipofungwa akasema, "Kale bado hata hakajaolewa. Kataijuaje njaa ya mtoto?"

Kisha akamwita Oydin, akamkamulia tone la maziwa juu ya ukucha wa dole gumba na kuuinamisha. Tone likateleza.

"Tazama! Maji ya kuoshea mchele. Maziwa ya mwanamke yanaganda kwenye ukucha." Akapanda kigoda, akaweka kopo la maziwa ya unga rafuni, picha ya ng'ombe ikitazama chumba. "Ijumaa asipoongezeka, tunafungua hili. Tutamlisha wenyewe. Wewe utakuwa wa kufua."

Oydin alilitazama kopo. Alijua mambo yanavyokwenda. Kopo likifunguliwa, ziwa litasahauliwa. Ziwa likisahauliwa litakauka. Na likikauka, yeye atakuwa yule mkamwana ambaye maziwa yake yalikuwa maji, na habari hiyo itahudhuria harusi zote za mtaa hata baada ya kifo chake. Mtoto atalishwa na Hosiyat, atalazwa na Hosiyat, na siku moja atamuuliza mama yake, wewe umezaa wangapi. Alikuwa na mpaka Ijumaa. Alihitaji vitu viwili tu, mtoto mkononi na usingizi, na nyumba ile haikumpa hata kimoja.

Jumanne walikuja wageni wanane. Mkubwa wao alikuwa Mwalimu Ugiloy, anayewasomea wanawake dua kwenye matanga na sherehe, mwanamke mwenye pua ndefu na kumbukumbu ndefu zaidi. Hosiyat aliwaketisha barazani. Beshik ilikuwa chumbani, lakini yeye hakukubali kupitwa na chai wala kubembeza, basi alipitisha kamba mlangoni, juu ya kizingiti, akaifunga doleni mwake, akajiegemeza kwenye mto. Asadbek akaanza kulia.

"Nenda kamnyonyeshe," alimwambia Oydin mbele za watu, kwa sauti ya asali. "Bakuli moja. Kisha uje utumiminie."

Oydin akaingia. Akafunua shuka, akaona uso wa mwanawe umekunjamana kama tunda lililokauka mtini, na mikono imefungwa. Hakupanga chochote. Vidole vyenyewe ndivyo vilivyofungua mikanda. Akamtoa, akamkumbatia, akazungukia nyuma ya rundo la magodoro lililopangwa hadi karibu na dari, kule yanakohifadhiwa ya wageni, akajilaza ubavu kwenye godoro la chini na mtoto kifuani. Lakini kabla ya kujilaza alirudi hatua mbili, akazishusha shuka zote saba mahali pake. Hilo alilipanga. Shuka zilizofunuliwa huita macho.

Asadbek alivuta mara tano, mara sita. Hakuna aliyemvuta mbali. Akavuta ya saba, na maziwa yakashuka kwa kishindo hata Oydin akauma meno, na mtoto akaanza kumeza kwa sauti, glu, glu, kama ndama.

Ndipo kamba ikakaza. Taka-taka, taka-taka. Beshik ikaanza kwenda.

Kila mtu katika bonde lile, mpaka mwendawazimu, anajua kwamba beshik tupu haibembezwi. Anayeibembeza anamwitia mwenye beshik maradhi, au jambo baya zaidi. Watoto huchapwa kwa kuigusa tu. Oydin alikuwa mita mbili kutoka pale, na mkono mmoja ungetosha kuisimamisha. Akaitazama ikienda na kurudi, maua yake mekundu yakiyumba, ndani hamna mtu.

Balaa gani, aliwaza, litaingia sasa, kama halikuingia mwanangu alipokuwa humo na njaa?

Akafumba macho.

Barazani Hosiyat alikuwa amepamba moto. "Mnasikia? Kimya! Hawa wa siku hizi, mtoto akikohoa, ziwa. Akipiga chafya, ziwa. Mimi nikimbembeza mwenyewe analala saa mbili mfululizo. Ni mkono huu."

"Ni mguu," alisema mmoja wa wageni.

"Mkono, mguu, ni uzazi! Mtoto anajua nani anambembeza."

Akaendelea kubembeza. Hosiyat mwenyewe ndiye aliyemimina chai, robo robo, akimsema mkamwana mvivu ambaye, kwa hesabu yake, alikuwa ametokea mlango wa nyuma na kupotelea jikoni, na kila aliponyoosha mkono kwa birika, dole gumba lake halikukosa mdundo. Saa moja ikapita, ya pili nayo ikakaribia kwisha.

Ugiloy akainuka kwenda zake. "Ngoja nimpulizie mtoto dua," alisema, akavuka kizingiti. Akainua shuka ya kwanza kwa adabu, na ya pili. Ya tatu na ya nne. Ya saba ilipoinuka, akasimama hivyo hivyo, shuka mkononi, beshik ikimpita tumboni huku na huku.

"Hosiyat," aliita. "Simamisha mguu."

"Kwa nini? Ataamka!"

"Ataamka nani?"

Wanawake wakarundikana mlangoni. Hosiyat akaja akichechemea, kamba ingali doleni, na kwa kila hatua aliyopiga beshik tupu ilitingishika mara nyingine, mbele ya mashahidi wanane. Mmoja akacheka, akauziba mdomo kwa ushungi, akacheka humo.

"Kanitegea!" Hosiyat alipiga kelele. "Yule nyoka kanitegea! Yuko wapi?"

Walimkuta nyuma ya magodoro. Oydin alikuwa amelala kinywa wazi, na Asadbek amelala juu ya mkono wake, ngumi mbili zimefunguka, maziwa yakimchirizika shavuni. Hakuamka hata mmoja.

"Saa mbili," alisema Ugiloy taratibu, akitaka kila mmoja alisikie na kulibeba vizuri hadi kwake, "umekaa unabembeza hewa, ukitusifia jinsi ilivyolala."

"Si kitu, mwalimu. Ni imani tu za watu."

"Imani tu? Mwaka jana ulimpiga kofi mtoto wa jirani kwa kugusa beshik ya watu. Ilikuwa imani ya nani siku hiyo?"

Hosiyat akainama kuifungua kamba doleni. Miaka yote aliwafunga wenzake kwa desturi, na hakuwahi kufikiri kwamba mikanda ile ingemtosha na yeye.

Ugiloy hakumpenda Oydin, wala mtoto hakumshughulisha. Alimchukia Hosiyat tangu wakiwa wasichana, na nafasi ni nafasi. Akakohoa, akatoa hukumu: beshik igeuzwe ukutani mpaka arobaini iishe. Mtoto asitengane na mwili wa mama yake, usiku na mchana. Mzazi asiguse birika. Na aliyebembeza amhudumie mzazi kwa mkono wake mwenyewe, ampikie uji wa unga uliokaangwa kwa mafuta ya mkia wa kondoo, mara tatu kwa siku, akimpa kwa mikono miwili.

"Mikono miwili?" aliuliza Hosiyat.

"Na miguu uiache nje," alisema Ugiloy.

Ijumaa muuguzi alirudi. Kwa siku tatu Oydin hakuwa amefanya kazi nyingine ila kulala na kunyonyesha, kunyonyesha na kulala, bila kujua kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Mzani ukasema kilo tatu na gramu mia tatu na ishirini. Muuguzi akapiga makofi.

"Mmefanya nini?"

"Malezi," alijibu Hosiyat, bakuli la uji mikononi. "Mtoto anahitaji mtu mwenye uzoefu. Nilimtuliza kwanza, ndiyo maana sasa ananyonya."

Elmurod, aliyekuwa mlangoni akitafuta viatu, akatikisa kichwa kukubali. Mama anajua.

Oydin aliwasikia wote wawili. Wiki iliyopita angelia. Sasa aliupokea uji kwa mkono mmoja, akaunywa wote, akarudisha bakuli bila kumtazama aliyelipokea. Kisha akageukia ukutani, akamvuta mwanawe kifuani, na kabla Hosiyat hajamaliza kumweleza muuguzi siri ya mguu wake, wote wawili walikuwa wamelala.

Kopo la ng'ombe lilikaa rafuni mpaka theluji ya kwanza. Hosiyat mwenyewe alilifungua, akawa anatilia kwenye chai yake.