Oili Inayojiongeza

Nisreen alikifuta kijiti cha kupimia oili kwa kipande cha leso kuukuu, akakichovya tena, akakitoa. Oili ilikuwa imeipita alama ya juu kwa upana wa kidole. "Mashaallah," alisema, akafunga boneti. Mumewe Mohdhar, aliyekuwa kazini Mombasa, alimwachia gari la dizeli na agizo moja tu: oili ikipungua, ongeza. Miezi minne sasa ilikuwa haijapungua, ilizidi kupanda. Nisreen alilelewa katika nyumba ambako neema haiulizwi imetoka wapi, naye akaiita baraka.

Gari lenyewe halikuwa na safari za maana. Mara tatu kwa wiki lilitoka Kileleshwa hadi hospitali moja ya Parklands, ambako mamake, Bi Kijakazi, alisafishwa damu kwa mashine kwa kuwa figo zake zilikuwa zimechoka na hazikuweza tena kutoa maji mwilini. Ni mwendo wa robo saa tu. Wauguzi walimpa Nisreen karatasi za uzito wa mgonjwa, naye akazikunja mkobani bila kuzisoma. Majirani walisema bibi ananawiri, mashavu yamejaa, na hilo lilimtosha.

Asubuhi hiyo, kwenye taa za barabarani, injini ilinguruma yenyewe. Mguu wa Nisreen ulikuwa kwenye breki. Ilinguruma, ikapandisha sauti, kisha ikatulia. Bi Kijakazi, aliyesinzia kiti cha nyuma, hakuamka. Nisreen alimfikisha kwenye mashine, kisha akaenda kwa fundi Obuya, nyuma ya maduka ya Adams Arcade.

Obuya alikivuta kijiti, akakinusa. Aliisugua oili kati ya vidole viwili.

"Madam, hii oili nani huongeza?"

"Hapana aongezaye. Yajiongeza yenyewe."

"Oili haijiongezi. Hii ni dizeli imeingia ndani. Hii gari iko na chujio ya moshi, na hiyo chujio hujisafisha kwa moto ukienda safari ndefu. Wewe unazima kabla imalize. Dizeli yenye haijaungua inateremka kwa oili."

"Na ikizidi?"

Obuya alijifuta mikono polepole. "Injini inaweza anza kuinywa. Hapo hata ukitoa ufunguo, haizimi. Itanguruma tu mpaka ipasuke."

Nisreen alizihesabu safari kurudi nyuma. Aliogopa kinyumenyume: Jumatatu, Ijumaa iliyopita, safari zote alizoendesha akishukuru. Bi Kijakazi huchukua dakika tano kushuka kwenye kiti kile, tena akishikwa mkono.

"Lete oili mpya nimwage hii," Obuya alisema. "Na usiniletee ya gari ya petroli."

Dukani, muuzaji Stellah aliweka makopo mawili juu ya kaunta. Namba za mbele zilikuwa zilezile kwa yote mawili.

"Chukua hii, dada. Ndiyo watu wengi hubeba."

Jana angelichukua na kushukuru. Leo aligeuza makopo yote mawili, akayasoma maandishi madogo ya nyuma, kidole kikifuata mstari kama alivyofundishwa utotoni kwenye chuo cha Kurani. La kwanza lilikuwa la petroli. La pili liliandikwa dizeli, kwa magari yenye chujio la moshi. Alirudia mara tatu, maana hakuyaamini tena macho yake.

"Nipe hili," alisema.

Oili ya zamani ilimwagika nyepesi kama chai ya rangi. Nisreen alisimama akaitazama mpaka tone la mwisho.

Siku mbili baadaye, wakijiandaa kwenda hospitali, jirani yao Veronicah aliwakuta kwenye maegesho. "Mama ananawiri kweli," alisema, akaenda zake.

Jibu la siku zote, Mashaallah, lilikuwa tayari mdomoni mwa Nisreen. Halikutoka. Alimketisha mamake garini, akapiga magoti, akainua pindo la dera na kubonyeza kidole juu ya kifundo cha mguu kilichovimba. Alipokiondoa, shimo lilibaki.

"Mama, wanywa maji kiasi gani?"

Bi Kijakazi alitazama kando. "Kidogo tu, mwanangu. Usiku kiu hunizidi."

Nisreen alizitoa zile karatasi mkobani, akazinyoosha juu ya goti, akaanza kusoma kutoka ya kwanza. Kidole chake kilifuata namba za uzito, na kila namba ilizidi iliyotangulia. Alipoinua macho, shimo lilikuwa bado halijajaa.