Chumba cha Alhamisi

Alhamisi, adhana ya alasiri ilipokwisha, Nyokabi alitoka mlangoni kwake akaanza kuanua nguo. Mashuka yalikuwa bado mabichi, lakini hakuwa na la kufanya. Kamba ilifungwa baina ya tangi la maji na nguzo ya stima, na hapo ndipo chumba kilipozoea kutua.

"Mama Nabiha!" aliita. "Leo inakuja saa ngapi? Nguo zangu hazijakauka."

"Saa zile zile, mwanangu," jirani yake, Saleha, alijibu kutoka ndani, akipuliza makaa. "Hakijachelewa hata siku moja."

Kweli hakikuchelewa. Saa kumi na robo kilikuwa kimesimama uani, pale Riruta, katikati ya ploti ya nyumba kumi na mbili za kupanga: kuta nne za mawe, rangi ya samawati iliyopauka, dirisha la mbao na sakafu nyekundu ya saruji. Vumbi lilitimka kidogo, kuku wa mwenye ploti wakasogea. Saleha alivua ndara, akatanguliza mguu wa kulia, akatoa salamu na kuingia na chetezo chake cha udi.

Kilikuwa chumba chake, au tuseme alikizoea hata akasahau kwamba si chake. Miaka ishirini na tisa alishona kanzu humo, ghorofa ya pili ya Jumba la Chunilal, katikati ya mji. Chini ya dirisha palikuwa na kibonde sakafuni, alichokichimba mwenyewe kwa kisigino akikanyaga cherehani. Na kila Alhamisi baada ya alasiri, kama mama yake alivyofanya Mombasa, alitia udi kwenye makaa akafukiza pembe zote nne. Wateja wajanja walichukua kanzu zao siku hiyo, ziwe zimenukia bure.

Mwaka uliopita ilitangazwa kwamba Jumba la Chunilal halitabomolewa. Majumba ya rika lake yalikuwa yakiangushwa moja baada ya jingine, yanainuka ya vioo, kwa hiyo habari ile ilimfurahisha kila mtu. Amrit, msanifu kijana aliyepewa kazi ya ukarabati, aliwakusanya wapangaji kwenye ngazi akawaeleza kwamba jengo lililokwisha kujengwa ndilo bora. Mawe yake yamechongwa tayari, milango yake ya mvule haipatikani tena, na kuvitupa ni dhambi. Saleha alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Kisha Amrit akawaomba wahame kwa miezi minane.

"Mtarudi," alisema.

Saleha hakumdai karatasi. Alimpa mkono, na kwao mkono ulitosha.

Akahamishia cherehani Riruta. Alhamisi ya tatu, chumba kikamfuata.

Kule mjini mafundi walifungua mlango wa nambari sita, chumba cha Saleha, wakaona anga na mabati ya jirani. Kitheka, fundi mkuu, alifunga kamba mlangoni mtu asije akaanguka, akawaambia wenzake wapake rangi kwingine. Magharibi chumba kilirudi kikinukia, hata msumari haukupotea. Kwenye ramani Kitheka aliandika kwa penseli: Hakipo Alhamisi.

Zile saa mbili Saleha hakugawana na mtu. Uani palikuwa Riruta, lakini ndani ya chumba alisikia honi za mjini na wauza vitambaa wakiitana chini ya dirisha, na jua liliingia kwa upande ule ule wa siku zote. Aliketi, akaweka kisigino kwenye kibonde chake. Alikuwa na huzuni ya kuhamishwa, na humo ndani huzuni hiyo ilimtoka. Hakutaka kingine duniani ila kurudi kushona pale.

Mwezi wa saba, Alhamisi moja, Amrit alikuja mwenyewe kutoka Westlands. Foleni ilimchelewesha, akafika saa kumi na moja. Alivua viatu, akapima kuta kwa futi ya utepe.

"Ndio hiyo. Hata sentimita moja haijapotea," alisema. "Mama, shida ni moja tu. Wakaguzi wanakuja Thursday ijayo. Wakikosa room, hawatasign."

"Sikukiita mie, mwanangu. Chaja chenyewe."

"Najua. Hakuna mtu anakublame. Lakini inafuata nini hasa?"

Saleha angeweza kusema kwamba chamfuata yeye. Ndivyo alivyoamini. Lakini aliona haya kujikweza mbele ya mgeni.

"Udi," akasema.

"Kwa hivyo tukichoma sisi huko, itatulia?"

"Huenda."

Mgeni akiomba udi hanyimwi, kama vile hanyimwi maji. Saleha alimfundisha kuwasha makaa na kungoja yashike jivu. Alimpa kopo zima la udi alioupika mwenyewe kwa sukari na marashi. Mwisho akampa na chetezo, kile cha udongo cha mama yake, akakifunga kwenye kipande cha kitambaa cha kanzu kisivunjike njiani.

"Na mie narudi lini?"

"Tukimaliza tu, mama. Tutakupigia."

Nyokabi alikuwa amesimama na beseni kiunoni. Gari lilipoondoka alisema, "Hukuitisha hata barua?"

"Kwa ajili ya udi?"

"Mama Nabiha, sasa umepeana kila kitu."

Saleha alijua kuwa ni kweli.

Chumba hakikuja tena. Alhamisi tatu Nyokabi aliiacha kamba tupu, kwa heshima, kisha akarudisha mashuka yake. Simu haikulia. Mwezi wa kumi Nyokabi alimwonyesha picha kwenye simu yake: Jumba la Chunilal limefunguliwa. Ngazi ile ile, milango ile ile, mawe yamesuguliwa yakang'aa. Lilipendeza mno. Saleha alilia kwa uzuri wake na kwa kutokuwemo. Alipopiga simu, dada mwenye sauti ya upole alimwambia kwamba vyumba vyote vimeshachukuliwa.

Alhamisi iliyofuata, saa kumi na robo, chumba kilitua juu ya shuka la Nyokabi.

Kilikuwa cheupe sasa. Ndani watu wanne walikuwa kwenye kompyuta, hakuna aliyeinua kichwa. Kibonde kilizungushiwa kamba nyembamba na kibao: Sakafu ya Asili. Chetezo kilikuwa juu ya rafu, baridi, kimetiwa ua kavu. Tangu jumba lifunguliwe hakuna aliyekumbuka kufukiza. Msichana wa mapokezi, kifuani ameandikwa Shiku, alimtazama Saleha aliyesimama mlangoni peku, ndara mkononi.

"Sasa, mama. Uko na appointment?"

"Sina, mwanangu."

"Ni sawa. Unaweza ngojea hapo nje."

Saleha alingojea nje. Harufu ya udi wake ilikuwa bado imo kutani, chini ya rangi. Magharibi chumba kikaondoka na watu wake, na Nyokabi akaokota shuka lake akalikung'uta.

Alhamisi nyingine Nyokabi alianua nguo mapema. Saleha alitoa kiti nje, akakiweka pale alipoambiwa angojee.