Bluzi ya Kuazima

Majibu ya concours, mtihani wa kuingia médecine, masomo ya udaktari, yalikuwa yanatoka wiki ijayo. Yalikuwa yanatoka wiki ijayo tangu mvua zilipoanza, na Bibiane alikuwa amefika mahali ambapo mtu akitaja wiki ijayo kwa jambo lolote, iwe harusi, iwe umeme, anacheka peke yake kama mwenda wazimu.

Ilikuwa mara yake ya pili. Mara ya kwanza alianguka, akalia vya kutosha, akarudia vitabu. Baba yake, Papa Donatien, mtu wa ofisi ya ONG, shirika la misaada, aliyezoea kuongea kama anasoma ripoti, alimwambia wakiwa mezani: "Mara ya pili na ya mwisho. Ukikosa, unaenda droit kama batoto bengine." Katika nyumba ile ya Ibanda, droit, yaani sheria, halikuwa neno baya. Ila kijana wa jirani, Guy, alikuwa ameisoma, na tangu amalize hanunui hata chumvi bila kumshitaki muuzaji mbele ya wateja.

Ndipo Koko akaugua. Koko ni bibi yake, mama mzazi wa Papa Donatien. Aliletwa kutoka Walungu na homa na kikohozi cha kumkunja mgongo, akalazwa katika salle, wodi ya wanawake, ya hospitali moja ya mjini. Na hospitali zetu unazijua: mgonjwa halazwi peke yake. Lazima awe na garde-malade, mtu wa nyumbani wa kumwosha, kumpikia, kumkimbilia dawa na kulala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Familia ikakaa kikao kifupi. Nani hana kazi? Anayengoja. Kana kwamba kungoja si kazi!

Shida haikuwa mkeka. Shida ilikuwa Blanchard, mlinzi wa geti. Kwa sheria ya Blanchard, garde-malade akishatoka nje, hata kama ametoka kununua sabuni, harudi ndani mpaka saa ya kuona wagonjwa. Bibiane alisimama pale nje na uji unaopoa mkononi mara kadhaa, mpaka Hugues alipomwonea huruma. Hugues ni binamu yake, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa médecine, stagiaire, yaani mwanafunzi wa mazoezi, katika salle ileile aliyolazwa Koko. Alikuwa na bluzi mbili nyeupe za kazi, yale makoti ya madaktari. Moja akampa.

"Vaa hii, pita mbio, usiangalie mutu kwa macho," alimwelekeza. "Stagiaires bote tunapitaka hivyo. Ukitabasamu tu, Blanchard atajua hauko wa kwetu."

Bibiane akavaa, akakunja uso, akapita. Blanchard akanyanyua mkono: "Bonjour, Docteur." Siku hiyo uji ulifika wa moto.

Hugues hakuwa amempa bluzi kwa huruma tupu. Alilala zamu karibu kila siku ya pili, na sufuria ya Koko ilikuwa karibu kuliko nyumba yake.

"Bibi, bugali iko?" alimuuliza Bibiane, kwa jina lake la kufupisha.

"Ya Koko iko. Ya wezi haiko."

"Mi sijakula tangu jana, sha. Nililala garde."

"Na ile garde, ulikuwa unachunga nini? Sufuria?"

"Mupe mutoto akule," Koko alisema kutoka kitandani. "Atakonda, na nani atanitibu?"

Hugues akala, na huku anakula akafanya mazoezi. Kila asubuhi ya tour de salle, daktari mkubwa anapita kitanda kwa kitanda na kundi la stagiaires nyuma yake, na kila mmoja anasimama kumweleza mgonjwa wake: jina, umri, ugonjwa, dawa, hali ya leo. Hugues alikuwa anaogopa kugugumiza, kwa hiyo alimsomea Bibiane maelezo ya Koko, tonge mkononi, mara tatu mara nne. Baada ya muda Bibiane aliyajua kwa moyo kama Salamu Maria.

Na kuogopa alikuwa na haki. Daktari mkubwa wa salle aliitwa Docteur Gracien, lakini stagiaires walimwita Douane, yaani forodha, kwa sababu hakuna aliyevuka mbele yake bila kufunguliwa mizigo. Huyohuyo Douane alikuwa profesa, na huyohuyo, Hugues alimwambia Bibiane, alikuwa katika jury, jopo la kusahihisha concours. Bibiane akaamua kwamba uso wake hautaonana na uso wa mtu yule mpaka majibu yatoke. Siku za tour alijificha kwenye jiko la nje pamoja na magarde-malade wengine.

Koko naye hakumsaidia. Alishawatangazia wanawake wote wa salle kwamba mjukuu wake ni daktari.

"Koko, mi bado."

"Bado nini? Umevaa, ao haujavaa?"

Basi ikafika asubuhi moja isiyo siku ya tour. Bibiane alikuwa ametoka pharmacie kuchukua dawa, bluzi bado mwilini, anamwosha Koko miguu kwenye beseni. Mlango ukafunguka. Douane akaingia, na nyuma yake stagiaires wakikimbia huku wanafunga vifungo, Hugues akiwa wa mwisho, nywele upande mmoja. Ilisemwa baadaye kwamba profesa alikuwa na safari ya Kamanyola keshoye, ndiyo maana aliileta tour mbele. Wakati ule hakuna aliyejua kitu. Kitanda cha Koko ndicho cha kwanza kutoka mlangoni. Kundi likakizunguka, na Bibiane akajikuta katikati yao, mweupe kama wao, taulo mkononi.

"Nani anatuelezea?" Douane aliuliza.

Hugues alifungua kinywa. Lakini Koko alikuwa mbele yake, kidole kimenyooka: "Huyu hapa, Docteur! Huyu njo docteur wangu!"

Douane akamwangalia Bibiane. "Tunakusikiliza."

Kuna kitu ambacho stagiaires wanakijua kuliko anatomia: mwenzako akishikwa, unaangalia sakafu. Wote wakaangalia sakafu. Bibiane akamtafuta Hugues, akaona utosi tu. Angeweza kusema ukweli palepale. Alisema baadaye kwamba aliutafuta na haukuja. Kilichokuja ni Salamu Maria ya Hugues.

"Mgonjwa wetu ni mama wa miaka sabini na mbili, mkulima, anatoka Walungu. Alilazwa kwa homa, kikohozi na maumivu ya kifua upande wa kulia…" Ikatoka yote, kwa Kifaransa safi cha hospitali, bila kugugumiza. Sindano anazochomwa. Homa iliyoshuka. Stagiaires wakaanza kuinua macho. Hata yeye Bibiane, Mungu amsamehe, akaanza kuonja utamu. Akamalizia kama alivyofundishwa: "Leo asubuhi, tukisikiliza kifua, chini ya pafu la kulia bado kuna mchakacho."

"Vizuri," Douane alisema. "Ni weye mwenyewe ulisikia?"

Salamu Maria ilikuwa imeisha. Hakukuwa na mstari mwingine.

"Leo asubuhi," Douane alirudia. "Masikio yako?"

"Hapana, Docteur."

"Masikio ya nani?"

Bibiane alikunja taulo, akalikunjua. "Docteur, mi siko stagiaire. Mi ni garde-malade. Koko ni bibi yangu. Bluzi niliazima juu ya kupita kwa geti. Ile maneno yote niliisikia tu ikisemwa." Na kwa kuwa alishaanza kumwaga, akamwaga mpaka chini: "Nangoja majibu ya concours."

Douane aliinama, akaweka kifaa chake cha kusikilizia mgongoni mwa Koko, kulia, kushoto, kulia tena. Akanyooka.

"Hakuna mchakacho. Pafu limefunguka, na halikufunguka leo. Stagiaire wa kitanda hiki ni nani?"

Hugues akanyanyua mkono kama mtoto wa shule.

"Ulisikiliza leo?"

"Docteur… hali ya jana…"

"Jana ulisikiliza?"

Hugues akashusha mkono. Alikuwa ameyarudia maneno ya siku za nyuma, asubuhi baada ya asubuhi, na Koko akaendelea kuchomwa sindano kwa ajili ya mchakacho ambao haupo. Douane akaamuru sindano zisimame. Akamwambia Hugues kwamba atarudia stage ya salle ile yote, wakati wa likizo. Kisha akamgeukia Bibiane.

"Toa bluzi. Jina?"

"Zagabe Bibiane, Docteur."

"Zagabe Bibiane," alisema, polepole, kama mtu anayetia kitu mfukoni. Akaenda kitanda cha pili.

"Docteur, usimugombeze!" Koko alimfuata kwa sauti. "Yeye njo ananiosha!"

Mchana ule Hugues hakuja kwenye sufuria. Bibiane alimpata nje, amekaa kwenye ngazi.

"Likizo yangu yote," alisema. "Carine ananingoja Kalehe. Tulishapanga kwenda kujitambulisha kwa babu yake. Nitamuambia nini? Nitamuambia nilishindwa na beseni?"

"Ningesema uongo, angejua tu. Alisikiliza yeye mwenyewe."

"Najua. Njo maana sina hata mutu wa kukasirikia. Na inaniuma."

"Nikasirikie mimi kidogo."

"Nilianza tangu saa nne," Hugues alisema. Akasogea, akampa nafasi kwenye ngazi.

Bibiane aliporudi nyumbani kuoga, hakumwambia baba yake. Ila sasa kungoja kulikuwa kumebadilika. Zamani alikuwa anaogopa tu kwamba hakujibu vizuri. Sasa aliona jina lake limekaa katika mfuko wa mtu wa jury, na mkono wa mtu yule uko na kalamu. Alilala nalo, akaamka nalo. Profesa aliporudi kutoka Kamanyola, hakuvumilia. Akaenda kubisha mlango wa ofisi yake, bila bluzi, katika kitenge na sandali.

"Ah. Garde-malade," Douane alisema. "Ingia."

"Nakuja juu ya Hugues, Docteur."

"Si juu ya concours?"

Bibiane aliangalia sandali zake. "Juu ya Hugues kwanza."

Douane karibu acheke, akajizuia. "Hugues aliandika kitu masikio yake hayakusikia. Atarudia. Akisharudia hatasahau, na mimi nitakuwa nimepata daktari. Iko hivyo. Na weye, ile bluzi: mama mumoja angekukamata mukono, anakuambia mutoto wake hapumui, ungefanya nini?"

"Ningeita infirmier wa zamu."

"Ungemuambia kwanza kwamba hauko daktari?"

Hakuwa amelifikiria. Akalifikiria pale, amesimama, na uso ukamwaka moto kuliko siku ya tour. "Angekuwa ameniamini bure," alisema. "Angepoteza wakati kwangu."

"Sawa." Douane akarudi kwenye karatasi zake. Akaona bado yuko. "Kuna kingine?"

"Concours, Docteur. Umeshika jina langu."

Douane alimwangalia kama anatafuta mahali pa kuweka kifaa chake. "Mutoto, copies za concours zinafika kwetu na numéro. Jina limekatwa. Zangu nilishamaliza kusahihisha siku nyingi kabla ya ile beseni yako. Kama yako ilikuwa mbaya, nilishaikataa bila kukujua. Kama ilikuwa nzuri, siwezi kuitafuta, ata nikasirike namna gani."

"Sasa nifanye nini?"

"Ngoja kama bengine."

Alitoka akiwa na hasira, na hasira hiyo ilimshangaza. Alikuwa amejitayarisha kufokewa, kusamehewa, hata kupiga magoti. Hakujitayarisha kuambiwa kwamba dhambi yake haina mahali pa kuandikwa, na wema wake pia. Alishuka njia nzima mpaka Nyawera kwa miguu kabla hajagundua kwamba anatembea kama mtu aliyepunguziwa mzigo.

Koko akatoka hospitali, akarudi Walungu kulalamikia magugu yaliyoota bila ruhusa yake. Wiki ijayo zikapita nyingine. Halafu, asubuhi moja ya manyunyu, simu zikaanza kulia mji mzima: majibu yamebandikwa.

Papa Donatien aliomba ruhusa ofisini, akavaa kravati, akasema anapita tu njia ile. Mbele ya ubao wa chuo watu walikuwa wamebanana, wengine wanaruka, wengine wanaondoka kimyakimya na kofia za makoti zimeshushwa. Bibiane akajipenyeza. Majina yalipangwa kwa alama; alianza juu, kwa sababu mtu lazima aanze mahali. Alishuka, akashuka. Alifika kwenye majina ambayo mtu hasomi tena, anasali. Karibu na mwisho wa karatasi, chini yake majina machache tu: Zagabe Bibiane.

Alisoma mara nyingine, kidole kwenye karatasi, mpaka kijana wa nyuma akamwambia, "Maman, tumeona, uko wewe, tupishe."

Alirudi kwa baba yake. Papa Donatien alimwangalia usoni, akafungua mkoba wake wa ofisi, akatoa kopo la poda ya watoto, ile tunayowamwagia waliopita mtihani. Kopo lilikuwa na vumbi kwenye kifuniko. Alikuwa amelinunua mwaka uliopita.

"Papa! Tangu mwaka jana?"

"Poda haiozi," alisema, na sauti yake ya ripoti ikakatika katikati. Akammwagia kichwani. Manyunyu yakaichukua, ikawa uji, ukamtiririkia mpaka shingoni.

Bibiane akampigia simu Hugues, aliyekuwa hospitalini, likizo ya wenzake, anarudia stage.

"Hugues, nimepita."

"Ya kweli?" Akasikika akivuta pumzi. "Ya kweli, Bibi?"

"Karibu na mwisho, lakini niko."

"Wa mwisho naye ataitwa docteur! Sasa sikia nikuambie vile itakuwa, miaka yote hii itakuwa… Ngoja. Ngoja, Douane anaingia."

Simu ikakatika. Bibiane alibaki ameishika, skrini nyeupe kwa poda.

"Amesema nini?" Papa Donatien aliuliza.

"Amesema ningoje."

Papa Donatien akatikisa kopo, akaona bado kuna kidogo, akammwagia na hicho.