Mwiba wa Komora

Komora hakuwa na mlango. Hakuwa na jiko, wala kafi, wala mgomba mmoja ukingoni mwa Mto Tana ambao angeuita wake. Jembe alilolimia mchana lilirudishwa jioni kwenye ghala la wote. Mke hakuwa naye, homa ilimchukua. Hata siri hakuwa nayo, kwani nyumba isiyo na mlango haifugi siri. Alichobaki nacho ni Kibibi, bintiye wa miaka kumi na saba.

Mambo hayakuanza kwa ubaya. Mji wao, mwendo wa nusu siku kutoka Ngao, ulichomwa na wavamizi, na walionusurika wakaapa kwamba hakuna atakayeshiba peke yake wala kufa njaa peke yake. Mbao za milango iliyosalia zikatumika kujenga ghala moja. Baraza nalo likaweka desturi: mzee akishatoa neno, wote huitikia pamoja, "Ni letu." Neno lililoitikiwa halirudi. Komora alikula kwa kiapo hicho miaka tisa, naye alikisifia kwa kila mgeni.

Asubuhi moja ya kupura mpunga baraza lilikaa uwanjani. Komora alikuwa ameinama, akichomoa mwiba wa mgunga kisiginoni. Sauti ya mzee Dukicha ilimfikia, maneno hayakumfikia. Watu wakaitikia, naye akaitikia, ulimi ukiutangulia moyo kama siku zote.

Mwiba ulipotoka aliinua kichwa, akakuta wote wanamtazama.

"Hongera, baba Kibibi," alisema Mumina, kikongwe aliyeketi kando yake. "Una kifua. Mimi hata kuku wangu nisingemtoa upesi hivyo. Bahati yangu sina kuku."

Komora akamuuliza ametoa nini. Mumina alicheka, akidhani ni mzaha. Alipouona uso wake, kicheko kikamkauka. Akamweleza kwamba Galma, mkuu wa wafugaji wa Nanighi, alitaka rehani ya amani, mtu aliye hai, ndipo ng'ombe wake wasiingie mashambani. Baraza limemtoa Kibibi. Atarudi siku ambayo amani haitahitaji rehani.

Komora alisimama, akaketi, akasimama tena. Alimkuta Dukicha akikung'uta makapi nguoni.

"Mzee, sikusikia. Nilikuwa nachomoa mwiba."

"Nani hana mwiba, mwanangu?" Dukicha alisema kwa upole. "Tukianza kuulizana nani alikuwa na mwiba siku gani, tutabaki na neno lipi?"

Upole ule ndio uliomtisha. Mtu katili angemwachia pa kushika.

Kibibi alikuwa anafunga mkeka wake. Hakulia. Komora alianza kujieleza, lakini binti alimkatiza.

"Nilikuwa nyuma yako, baba. Sauti za wengine sikuzijali. Nilitega sikio nisikie kama yako haimo."

Miaka tisa Komora alidhani sauti yake imezama katika sauti za wote, haidhuru mtu wala haimwokoi mtu. Kumbe kulikuwa na sikio moja lililoitambua.

Adhuhuri aliitwa kuandika waraka wa kumtangulia Kibibi kwa Galma, kwa kuwa ni yeye peke yake mjini aliyesomea herufi za Kiarabu, huko Kipini. Dukicha alitamka taratibu: sisi sote, kwa kauli moja, tumekubali. Kalamu ya mwanzi ikaenda kutoka kulia hadi kushoto bila kusita.

*Mimi, Komora wa Dhadho, baba yake Kibibi, sikukubali. Msimpokee. Ikiwa lazima awepo mtu, nakuja mwenyewe.*

Alijua kwamba huko Nanighi mwalimu wa Kurani angeusoma kwa sauti, tarishi akiwa palepale, na kwamba habari ya alichoandika ingeshuka na mto kabla mpunga haujakauka. Dukicha akaomba asomewe. Komora akamsomea yaliyotamkwa.

"Mwandiko wako umenyooka leo," mzee alisema.

Akaukunja waraka, akadondoshea nta ya moto, akaikandamiza kwa dole gumba. Tarishi, Roba, aliutia kifuani, akashuka hadi mtumbwini na kuanza kupanda mto.