Mkebe wa Dawa ya Breki

Mara ya nne, jamani! Gari la dada yake fundi umeme wa magari lilikuwa limezima tena njiani, na ndani yumo mama yao, akipelekwa hospitali kusafishwa damu. Lilivutwa kwa kamba hadi gereji ya fundi. Sasa mama amekaa kiti cha nyuma, mlango wazi, miguu imevimba, na zamu yake ya mashine inampita.

"Kaka, niambie ukweli," dada alisema. Macho yalimwiva kwa uchovu. "Jioni mtu anakuja kulinunua. Nikiliuza, mama atakwenda na nini? Lakini ni wewe uliyesema limekwisha."

Kweli alisema. Fundi, hoi, alifungua boneti, akatoa waya wa betri, akachomoa soketi ya kihisi cha injini, ileile aliyoisafisha mara zote tatu. Maji, na kutu ya kijani. Akashika msasa wake, akanyoosha mkono kuchukua mkebe wa dawa ya kupulizia ya kusafishia breki, dawa yake ya kila kitu kwa miaka ishirini. Hapo kidole kikagusa ule mpira mdogo unaozuia maji yasiingie kwenye soketi. Ulikuwa umelegea kama mkate uliolowa chai. Na aliuweka mpya mwezi uliopita!

Akavaa miwani, akausoma mkebe kwa mara ya kwanza maishani. Herufi ndogo kama sisimizi: usipulizie mpira wala plastiki. Akazitazama pini za soketi. Ule utando mwembamba wa bati ameshaukwangua wote kwa msasa, imebaki shaba tupu. Lo! Kumbe kutu aliialika mwenyewe.

Nyuma ya rafu kulikuwa na dawa ya soketi, ile inayokauka bila kudhuru mpira. Muuza vipuri alimletea, naye akaicheka kuwa ni ya wavivu. Akaifuta vumbi. Angeweza kunyamaza tu: afunge soketi mpya, asafishe waya kwa dawa hiyo, aupake mpira grisi kidogo ya silikoni, kisha asifiwe. Akamgeukia dada yake.

"Dada, usiuze. Gari halina kosa. Kila nikilitengeneza, mimi ndiye ninayeliharibu."

Aliyejibu ni mama, kutoka kiti cha nyuma, polepole.

"Nilijua, mwanangu. Ukiligusa wewe, wiki haiishi kabla halijazima tena. Ningesemaje atafutwe fundi mwingine, na mimi ndiye ninayekusifia mtaa mzima? Haya, fanya upesi. Mashine hainisubiri."